Mstari wa Salamu Kwenye Ukuta wa Ghala

Mwezi wa pili mwaka huu nilisimama nje, Nechells, hapa Birmingham, karibu saa nzima, na hakuna hata mtu mmoja aliyekimbilia gari. Nalisema hili kwa majivuno na wala siombi radhi. Nilikuwa nimeshuka treni asubuhi hiyo kutoka mji ninakofanya kazi, nimealikwa kwenye ibada ya shukrani ya Mama Furaha, aliyekuwa anatimiza miaka themanini, na njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu kama mtu aliyeibiwa akili. Abiria wa kando yangu aliuhamisha mkoba wake. Angejua ninachokwenda kukiona, angekuja nami. Nilikuwa nakwenda kuona watu wa Kitale, Nakuru, Bukavu na Uvira wakiwa wamesimama kwenye baridi kwa hiari yao wenyewe, chai mkononi, wakipiga domo. Miaka ishirini na kitu iliyopita jambo hilo lilikaribia kufa, na aliyekaribia kuliua ni mimi.

Aliyelelewa katika makanisa ya kwetu anaujua mstari wa salamu. Ibada ikiisha, pasta hutoka kwanza na kusimama nje ya mlango. Wa pili humshika mkono, kisha husimama kando yake. Wa tatu huwashika mkono wote wawili na kujiunga, na hivyo hivyo mstari unarefuka, unakata kona, mpaka yule wa mwisho kabisa anapotoka awe amemshika mkono kila mtu, mtoto na mkubwa. Hapo ndipo utakapojua nani anaumwa, nani amepata kazi, nani ana chumba cha kupangisha. Ushirika wetu ulikuwa wa Wakenya na Wakongo, watu kama sitini hivi, na Kiswahili chetu kilikuwa kinapishana njiani kama watu wa nyumba mbili wanaotumia ngazi moja. Mahubiri wengine waliyafuata nusu nusu. Mstari ndio uliotufanya kanisa moja. Na ulikuwa lazima uwe wa nje, kwa sababu ukumbi tuliokodi, chini ya jengo la ghorofa kumi na tano, ulikuwa unachukuliwa saa saba kamili na watu wa mazoezi ya ndondi, ambao hawakuwa na subira.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nasomea upangaji wa miji, lakini kanisani neno hilo lilionekana refu mno, wakaniita Injinia. Nami niliitika, kichwa kikivimba. Mwezi wa nane, katika wiki moja ya joto kali, shirika la nyumba lenye lile jengo lilikubali kutuwekea mabenchi mawili na kipaa kidogo cha kujikinga na mvua, mradi tuseme wapi. Wazee wa kanisa wakaniita. Nilitoka nje, nikazunguka jengo mara moja, nikiwa na daftari ambalo sikuandika kitu, na nikanyoosha kidole upande wa kaskazini, kwenye kona ya jengo, ambako palikuwa na kivuli kizuri cha kupoza roho. Kila mtu alifurahi. Pasta, Mkenya wa Nakuru aliyekuwa akiendesha basi siku za wiki, alisema ndiyo faida ya kusomesha watoto. Wakongo wakapiga makofi. Ni nani kati yetu aliyewahi kuwaweka wageni juani? Kwetu jua hupita juu ya kichwa, miezi kadhaa likiegemea upande huu wa nyumba, miezi mingine upande ule, na mtu mwenye adabu humtafutia mgeni kivuli. Kwamba kuna nchi ambamo upande mmoja wa nyumba haukanyagwi na jua majira yote ya baridi, hilo nilikuwa nimelisoma. Nilikuwa hata nimelijibu kwenye mtihani na kupata alama. Kichwa kilikuwa kimesoma, mwili bado. Saruji ikamwagwa, mabenchi yakafungwa kwa boliti.

Mwezi wa kumi ulipoingia, tulianza kulipa. Jua lilishuka, kivuli cha jengo kikarefuka kikapita mabenchi, kikapita uzio, kikavuka barabara. Hilo tungelivumilia kwa makoti. Lakini upepo! Upepo wa Birmingham mara nyingi hutoka kusini-magharibi, na jengo lile lilikuwa limeukabili kwa kifua kizima. Upepo ukipiga ukuta mrefu namna ile haurudi ulikotoka. Unateremka na ukuta mpaka chini, kisha unakimbilia pembeni, na unapopita kwenye kona unakuwa na nguvu kuliko ulivyokuja. Kona yenyewe ndiyo hiyo niliyoinyooshea kidole. Jumapili moja tulikuwa tumefika kama watu ishirini kwenye mstari, meno yanagongana, Mama Furaha alipotoka na sahani yake ya mandazi iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa mjane wa Bukavu, mwili mkubwa, sauti kubwa, na kila Mkongo wa ushirika ule alimfuata kama kifaranga. Upepo ulimkuta penye kona. Sahani ilikwenda kwanza, kitambaa cha kichwa kikafuata, na yeye mwenyewe akaangukia mkono wa kulia. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia mfupa ukivunjika. Mandazi yalibiringika hadi barabarani na hakuna aliyecheka.

Jumapili iliyofuata Mama Furaha alikuja na plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Ibada ilipokwisha, hakutokea mlango wa mbele. Alitokea mlango wa nyuma, moja kwa moja kwenye magari, na Wakongo wote nyuma yake. Wiki ya pili vile vile, na ya tatu. Sisi tuliobaki upande wa mbele tulishikana mikono upesi upesi kama watu wanaokabidhiana kaa la moto, kisha tukatawanyika. Kufika mwezi wa kumi na mbili hapakuwa na mstari. Nilikuwa nimepanga chumba Lozells kwa Anti Rispa, mhudumu wa wazee aliyetoka Kitale kama mimi, katika nyumba nyembamba iliyobanwa na wenzake kulia na kushoto, na jikoni mwake ndimo habari zote za kanisa zilimopikwa. Nikiwa naosha vyombo nilimsikia akimlalamikia rafiki yake, nesi wa kule kule kwetu. Alisema kwamba hawa wenzetu wa Congo siku hizi wanatoka na back door kama watu waliokasirishwa, kwamba tangu yule mama aanguke wanatuona sisi ndio tulimsukuma, na kama ni kuringa, hata sisi tunajua kuringa. Rafiki akajibu kwamba amesikia wameshapata ukumbi wao kule Sparkhill, wataondoka mwezi wa tatu. Niliendelea kusugua sufuria moja ile ile. Sikuwa na ujasiri wa kugeuka niseme kwamba hapo hapana kuringa, pana kona, na kona hiyo niliichagua mimi.

Kwa kuwa dhambi hainyamazi, nilianza kwenda kwa Mama Furaha kila Jumamosi kumsaidia kupika. Alikuwa akikaa katika jengo lile lile, ghorofa ya tisa, ngazi zake zikianzia nyuma kwenye magari, nyumba ya vyumba viwili yenye joto la kupasua chawa, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, na harufu ya samaki wakavu iliyokuwa imeshaingia hata kwenye pazia. Alinifundisha kupika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese, akiwa amekaa akiniamuru kwa kijiko cha mkono wa kushoto, maana mfupa ulikuwa umeunga vibaya na hospitali ikaufunga plasta upya, na kusonga ugali wake ambao aliuita bugali na kuusifu kuwa mgumu kuliko wa Wakenya, jambo ambalo si kweli. Hakunilaumu hata mara moja. Nadhani hakujua kwamba kona ndiyo iliyomwangusha. Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza simu ikalia, shemeji yake wa Sparkhill, naye akaongea huku mimi nikiwa jikoni nakatakata vitunguu. Alikuwa anaulizwa kwa nini hataki kwenda kusalimia watu. Akajibu polepole, sauti yake kubwa ikiwa imeshuka:

"Franchement, siwezi kubapatia bantu mukono ya kushoto. Batasema niko nabazarau. Njo maana napitaka mulango ya nyuma, niende zangu kwanza, mpaka mukono ipone."

Niliweka kisu chini. Kumbe hakutaka kuwapa watu mkono wa kushoto wakaona anawadharau. Miezi mitatu! Miezi mitatu Wakenya walikuwa wamekasirishwa na dharau ambayo yeye alikuwa anakimbia asiwafanyie. Na vifaranga wake walimfuata kwa sababu ndivyo wafanyavyo, na baada ya kutosalimiwa wiki moja wakaona sisi ndio tunaowatenga, wakatafuta ukumbi. Nilitaka kutoka pale mbio niteremke ghorofa zote tisa nikipiga kelele. Badala yake nilikwenda kwenye dirisha la pembeni, ambapo ukichungulia unaona mbele na nyuma ya jengo, nipate pumzi, na hapo ndipo nilipouona uwanja wa ghala.

Usiku wa kuamkia siku ile kulikuwa na umande wa barafu, na Nechells yote, kutoka juu kule, ilikuwa nyeupe. Paa nyeupe, magari meupe, na kwenye kivuli cha jengo mabenchi yangu mawili yalikuwa meupe kama meno, ingawa ilikuwa imekaribia saa sita mchana. Lakini upande wa nyuma, ukitoka mlango ule wa Wakongo ukapinda kushoto hatua kama arobaini, kulikuwa na ghala kuukuu la matofali mekundu, lenye mabawa mawili yaliyochomoza mbele na uwanja mdogo katikati ambapo zamani malori yalikuwa yakipakia mizigo. Uwanja ule ulikuwa mkavu. Haukuwa na tone la barafu, na katikati yake, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa amekaa mzungu mzee akisoma gazeti bila kofia. Mama Furaha, ambaye simu ilikuwa imemwishia, alikuja akasimama kando yangu. Alisema yule iko pale kila siku, hata theluji ikianguka, na kwamba yeye alidhani ni mwendawazimu.

Niliteremka na mikono bado inanuka vitunguu. Jina lake lilikuwa Derek, zamani mtunza stoo wa ghala lile na sasa mtunza ufunguo wake, na aliponiona nimesimama mbele yake nikigusa ukuta kwa viganja vyote viwili hakuuliza kitu. Ukuta ulikuwa na uvuguvugu! Nilimwuliza kwa nini anakaa pale. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula kwa mdomo, akasema kwa sababu hapa hakuna upepo, na jua linamgonga usoni. Basi. Mwaka mzima wa vitabu, na bwana yule alikuwa amemaliza kazi kwa kiti cha plastiki.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri kwa furaha na hofu, zote mbili. Nilichukua uzi mwekundu wa kufumia wa Anti Rispa, nikaukata vipande na kuvifunga kwenye uzio, kwenye nguzo za taa, kwenye mabenchi yangu ya aibu na kwenye misumari ya ghala. Kila baada ya darasa nilipanda basi hadi Nechells kutazama nyuzi zangu. Za penye kona zilikaa zimelala upande kama zimevutwa na mtu. Mbili zilikatika. Za ghalani zilining'inia chini, labda zikatikisika kidogo. Bawa la magharibi lilikuwa linaukinga ule upepo, na ghala lenyewe lilikuwa fupi, halikuwa na kimo cha kuuteremsha upepo kutoka juu. Nikaanza kuelewa hata Lozells nilikokuwa nikilala. Nilikuwa nimeidharau kwa vinyumba vyake vilivyobanana, kumbe kubanana kule na kulingana kimo ndiko kulikoufanya upepo uruke juu ya mapaa na kutuacha sisi barabarani tukinunua ndizi nje ya duka bila taabu. Nilikuwa natembea mjini na kuuona mji kwa mara ya kwanza. Hapa jengo limekaa vibaya, watu wanapita wameinama. Pale ukuta unatazama kusini, akina mama watatu wamesimama na mikokoteni yao wanaongea. Ilikuwa kama mtu amenifungua macho kwa vidole, na mpaka leo sijayafumba.

Lakini kujua si kusema. Nilipomweleza Anti Rispa, alikuwa anakunja nguo kitandani. Nilianza na mkono wa Mama Furaha, na nilipofika kwenye mkono wa kushoto alikaa chini, akabaki na soksi moja mkononi. Kisha nikamwambia kuhusu kona. Nilitegemea anigombeze. Aliniambia tu kwamba mficha uchi hazai, na kwamba kama niliinyooshea kidole kona mbele ya watu, niikane mbele ya watu. Jumapili hiyo nilisimama baada ya matangazo.  Nikasema mabenchi niliyaweka mimi pasipofaa, kwamba Mama Furaha aliangushwa na kosa langu, na kwamba naomba Jumapili moja tu tutoke sote kwa mlango wa nyuma. Upande wa Wakongo hakuna aliyetikisika. Mzee mmoja wa upande wetu alinong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba Injinia sasa anatupeleka kwa malori. Pasta alifikiri, akasema sawa, Jumapili ijayo, moja, na isipofaa tuache Mungu aamue. Kila mtu alijua maana yake. Zilikuwa zimebaki siku chache kufika mwezi wa tatu, na Wakongo wangekwenda zao Sparkhill.

Jumapili ile niliamka kabla ya saa kulia, nikafungua pazia, nikataka kulia. Mbingu zilikuwa zimefunikwa kama sufuria. Jua, ambalo nilikuwa nimewasifia watu wiki nzima, halikuwapo hata kwa dawa. Ndani ya ibada sikusikia neno. Niliposikia baraka za mwisho nilitoka mbio kwanza, nikafika ghalani, na nikamkuta Derek ameufagia uwanja wote na kiti chake amekisogeza kando. Nikatazama nyuzi zangu. Nikasema, ee Mungu wangu. Zilikuwa zimening'inia wima, zimetulia, ingawa kule mbele ya jengo nilisikia upepo ukipiga filimbi kwenye kona. Pasta akaja, akasimama na mgongo wake kwenye matofali. Akaja mkewe, akaja yule mzee mnong'onaji, wakaja wengine, mikono mifukoni wakitegemea kutoroka, na mmoja mmoja nikawaona wanashusha mabega. Mzee yule alifungua zipu ya koti. Nilitamani kumbusu.

Kisha Wakongo wakatokea mlangoni, Mama Furaha mbele. Kulia kwao kulikuwa na magari, kushoto kulikuwa na sisi. Alisimama. Vifaranga wote wakasimama. Niliuona mkono wake wa kushoto ukienda kuufunika ule wa plasta, na nikajua kwamba anapinda kulia. Hapo Anti Rispa akatoka kwenye mstari, jambo ambalo halifanywi, akavuka uwanja na viatu vyake vya kazi mpaka mbele yake.

"Mama Furaha," akasema, "kwetu mtu akiwa na unga mkononi hushikwa kiwiko. Leta kiwiko."

 Mama Furaha akaunyanyua mkono wake wa kulia, mzito, akaukunja, akamletea kiwiko.

"Hata kwetu iko vile vile, mama," akasema.

Alipita mstari mzima hivyo, kiwiko baada ya mkono, na waliomfuata wakafuata. Wengine walikuwa wanalia, mimi nikiwa wa kwanza, na siyo kwa baridi. Tulipomaliza hakuna aliyeondoka. Chupa za chai zilitolewa kwenye mabuti ya magari, mandazi yakatoka, watoto wakamzunguka Derek, ambaye alikuwa ameshikwa mkono mara sitini na akawa anautazama kama si wake. Watu wa ndondi walitoka nje wakati wa mapumziko yao wakatukuta bado tupo. Ukumbi wa Sparkhill haukutajwa tena. Kiangazi kile shirika la nyumba liling'oa mabenchi kutoka penye kona na kuyaleta ukutani, kwa ruhusa ya mwenye ghala, na walipoleta mpango wa jengo jingine jipya nyuma yetu, nilikwenda kwenye mkutano wao na mchoro, uzi mwekundu na mdomo. Jengo likashushwa kimo. Nimefanya kazi hiyo tangu siku ile, katika miji mingi yenye baridi kuliko hii, na kila ninapoitwa nauliza swali moja kwanza: hapa mtu anaweza kusimama akamsalimu mwenzake?

Mwaka huu, basi, nilipofika, nilipita kwanza kwenye kona ya zamani. Mashimo ya boliti bado yapo kwenye saruji. Huwa nayatembelea, yanashusha kichwa. Ibada ilipokwisha nikaenda ghalani, ambako Derek hayupo tena, ila kiti cha plastiki kipo na hakuna anayekikalia. Mstari ulikuwa umeanza, nami nikajiunga. Msichana wa miaka kama minane, kitukuu cha mtu fulani, alinifikia akanipa kiwiko. Nikamshika, nikamwuliza kwa nini hanipi mkono. Akanijibu kwa Kiingereza, "It's just how we say hi, Auntie," kisha akaendelea na wa pili. Wakati wa korona, dunia nzima ilipoanza kusalimiana kwa viwiko, Anti Rispa alinipigia simu tukacheka mpaka mbavu zikauma, kwa kuwa sisi tulikuwa tumetangulia. Mwisho wa wote alitoka Mama Furaha, polepole, fimbo mkono wa kushoto, mkono wa kulia mzima kabisa, ulishapona tangu zamani zile. Aliwafikia watu mmoja mmoja. Nilihesabu waliobaki kama mtoto anayesubiri zawadi. Aliponifikia alisimama, akanitazama toka juu hadi chini, akauliza kama Injinia amekula, kisha akaukunja ule mkono mzima akaniletea kiwiko. Ilikuwa mwezi wa pili, Birmingham, tulikuwa nje karibu saa nzima, na kiwiko chake kilikuwa na joto.